MAONI YETU: SOMO LA SIMU LISIWE SAINI YA KUTUFUNGA



Toka Naivasha mpaka Molo, na toka hapa Nakuru mpaka stesheni za juu kule Timboroa, jambo jipya limeingia kazini. Zamani mtu alipotakiwa kujifunza kazi alipelekwa darasani, au aliwekwa chini ya fundi mzee mpaka mikono yake ikazoea. Siku hizi huja ujumbe katika simu: fungua hapa, tazama picha, jibu maswali kumi, bonyeza "Nimemaliza". Basi jina lako limeandikwa katika kompyuta ya wakubwa kwamba umefundishwa.

Wanachama wengi wametuuliza, Je, chama chasemaje? Wengine wataka tulikatae jambo hili kabisa. Jibu letu ni hili: elimu hatuikatai, ije kwa ubao, kwa posta au kwa simu. Tunachokataa ni saini inayoitwa elimu.

Tukumbuke kwanza kwamba kusoma mbali na mwalimu si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kingali sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha huko Kikuyu idara ya masomo ya posta na redio. Walimu wa shule za msingi walisoma kwa njia hiyo, wapate cheti cha juu bila kuacha kazi. Lakini karatasi ya mwanafunzi ilisomwa na mtu, ikarudi na alama na maneno ya kumsahihisha. Tena mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, watoto wetu waliambiwa wasome kwa redio, televisheni na simu. Tuliona wenyewe: aliyekuwa na chombo na mtu wa kumwongoza alisonga mbele, na asiye navyo aliachwa nyuma. Chombo ni njia tu.

Haki tuitoe pale inapostahili. Somo la simu lina faida. Mtu wa genge la reli aliye Timboroa hana haja ya kusafiri mpaka Nairobi ili akumbushwe maana ya bendera na siginali. Na somo fupi lirudiwalo mara kwa mara hukaa kichwani kuliko siku nzima ya hotuba mara moja kwa mwaka. Jambo hili si la jana. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika kitabu mwaka 1885 baada ya kujijaribu mwenyewe jinsi mtu anavyosahau, akaonyesha kwamba tulichojifunza hutoroka upesi sana katika siku za mwanzo, na kwamba kukirudia kwa kuacha nafasi katikati hukishikiza. Hapo simu yaweza kutusaidia kweli.

Lakini kuna kazi ambazo picha haiwezi kuzifundisha peke yake. Picha haina uzito. Haiwezi kukufundisha mahali pa kusimama mabehewa yanapounganishwa, wala harufu ya breki iliyoshika, wala mlio wa gurudumu lenye ufa. Dereva wa gari moshi katika nchi nyingi huanza katika mashine ya mfano, akakosea humo bila kumwua mtu, lakini hata yeye hapewi injini mpaka amekaa njiani pamoja na dereva mzoefu. Reli yetu yenyewe ilijua hivyo, ndiyo sababu ilikuwa na chuo chake Nairobi toka mwaka 1956.

Wakati wa Vita vya Pili, serikali ya Marekani ilikuwa na haja ya kufundisha watu wengi sana kazi za viwandani kwa haraka. Kati ya 1940 na 1945 ilieneza njia ya hatua nne: mtayarishe mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache aifanye mwenyewe nawe ukitazama, kisha rudi kumkagua. Nao waliosimamia mpango ule walishika neno moja kubwa, kwamba mwanafunzi asipojua kazi, kosa ni la mwalimu. Sasa tazama somo la simu: laonyesha tu, kisha likafunga mlango. Hatua ya tatu na ya nne hazimo. Na kosa limehamishwa toka kwa mwalimu mpaka kwa mwanafunzi.

Hapa ndipo penye hatari. Wanachama wa sehemu mbali mbali za Rift Valley wametueleza kwamba somo huja usiku baada ya zamu, kwa Kiingereza kigumu, na bando la intaneti latoka mfukoni mwa mfanya kazi. Mtu amechoka, watoto wanalia, abonyeza mpaka mwisho ili asiitwe mvivu. Kisha siku akiumia, au chombo kikiharibika, aletewa barua: "Rekodi yaonyesha ulifundishwa." Somo lililosemwa ni la kumlinda mfanya kazi limekuwa la kumlinda mwajiri.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili watu wawe salama kazini. Ni mambo manne, si moja. Simu yaweza kuleta habari, na pengine maelekezo. Mafunzo ya mikono na usimamizi vyataka mtu.

Wala tusiambiwe kwamba hakuna fedha. Kila mwajiri apasiwaye na ushuru wa mafunzo ya viwanda hulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, na fedha hizo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Penye watu 100, hizo ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Ni mzigo wa mwajiri, wala haifai zikatwe katika mshahara wako. Mwajiri akifundisha watu wake kwa mpango uliokubaliwa, aweza kuomba arudishiwe gharama.

Basi matakwa yetu ni haya:

1. Saa ya somo ihesabiwe kuwa saa ya kazi, na bando lilipwe na mwajiri.

2. Somo liwe pia kwa Kiswahili chepesi, na asiye na simu ya kisasa apewe chombo kazini.

3. Kazi yenye hatari isihesabiwe kuwa imefundishwa mpaka mtu ameifanya kwa mikono yake mbele ya fundi mzoefu, na fundi huyo atie saini pamoja naye.

4. Wajumbe wa chama wawepo somo linapotungwa, maana anayeijua hatari ni yule anayeishika kila siku.

5. Anayefaulu apewe cheti, na cheti kihesabiwe wakati wa kupandishwa daraja.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Usimpe mtoto wako simu akujibie maswali, maana siku ya hatari mtoto hatakuwapo. Usibonyeze "Nimemaliza" kwa jambo usilolielewa. Andika tarehe, andika usichoonyeshwa, kisha umpe mjumbe wa chama karatasi hiyo. Hiyo itakuwa rekodi yako mbele ya rekodi yao. Na ninyi wazee wa kazi, msiwacheke vijana wenye simu. Wao wajua kufungua somo, ninyi mwajua kama ni la kweli. Kaeni pamoja.

Wengi wetu tulisoma shule ya msingi tu, za misheni na nyinginezo, na kazi tukafundishwa na wenzetu relini. Hatuna haya kwa hayo, wala hatutaki vijana wetu wapate pungufu. Mkutano wa tawi ujao uwe na jambo hili la kwanza katika orodha, na kila mmoja aje na somo alilotumiwa, tulitazame pamoja.

Umoja ni nguvu.