Mkubwa Hakatizwi?

Wenzangu, tangu kikao kile cha chama nimekuwa nikisutwa, basi acheni nijieleze. Kule Marekani wapenda mabadiliko wanaoandika siasa kwenye intaneti hukutana kila mwaka na wale wanaohamasisha watu mitaani. Mkutano wao ulianza Las Vegas mwaka wa 2006, na siku hizi huitwa Netroots Nation. Wanasiasa nao huenda, si bure!

Julai 2015, mjini Phoenix, Martin O'Malley na Bernie Sanders, waliokuwa wakiutaka urais, walikatizwa jukwaani na vijana weusi. Vijana walitaja majina ya weusi waliofia mikononi mwa polisi na rumande, akiwemo Sandra Bland, aliyekutwa amekufa rumande huko Texas siku tano tu kabla.

Katibu wetu asema huo ni utovu wa adabu, mkubwa hakatizwi. Haya. Lakini mkubwa anayeomba kura si mgeni wa chai. Barua ingetupwa kapuni. Mtu aliyesimama mbele yako utamtupa wapi? O'Malley aliomba radhi kwa majibu yake ya siku ile, na Agosti Sanders akatoa mpango wa haki za rangi.

Mimi ningehudhuria, tena safu ya mbele. Katibu na anijibu kikao kijacho.