Video inagandaganda, tunailaumu programu

Nilikuwa napigana na kompyuta.

Nilirekodi kwa simu mahojiano na mama lishe mmoja wa Tandale aliyevunjiwa kibanda. Dakika 40, za 4K. Mhariri wangu alitaka dakika 3 kabla ya saa 12 jioni. Nikafungua Premiere Pro, nikabonyeza icheze: sauti ya mama inakwenda, sura imeganda mdomo wazi. Saa 12 ikapita. Usiku akanipigia kuuliza mbona hajajiona. Nilikosa la kumjibu.

Kesho yake kila mtu kijiweni alikuwa na dawa. Hamia DaVinci Resolve, ni ya bure. Uza hiyo laptopu, kopa, nunua Mac uweke Final Cut Pro. Kidogo nikope kweli, jamani.

Nikaona kwanza nijaribu kipande kilekile, kwenye laptopu yangu ileile ya memori ya GB 8. Resolve iliganda kuliko Premiere, na siilaumu: inaitegemea sana kadi ya picha, na watengenezaji wake wanashauri memori ya GB 16. Kdenlive, ambayo huilipii hata senti, ilifunguka upesi kuliko zote, lakini ilipofika kwenye kucheza nayo ikaanza kurukaruka. Sasa kama zote tatu zinashindwa, mkosaji ni programu?

Mkosaji ni faili. Simu yangu inarekodi kwa HEVC, mfumo uliopitishwa mwaka 2013 ili video ibanwe ichukue nafasi ndogo. Hauhifadhi kila picha nzima. Unahifadhi moja kamili, halafu zinazofuata ni mabadiliko tu. Kwa mtazamaji hakuna neno, anakwenda mbele moja kwa moja. Mhariri anaruka, anarudi, anakata katikati, na kila akiruka kompyuta inarudi kwenye ile picha kamili kuanza hesabu upya. Simu yenyewe inamudu kwa sababu chipu yake ina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Ndiyo maana wale wa CapCut wanatucheka.

Kilichoniokoa ni proksi, yaani nakala nyepesi ya kukatia. Nilitengeneza za 960 kwa 540, pikseli mara 16 pungufu ya 4K, kwa mfumo wa ProRes unaohifadhi kila picha peke yake. Ukimaliza kukata, programu inarudi kwenye faili halisi kutoa kazi. Zote tatu zinaweza. Premiere imekuwa na kipengele hicho tangu 2016. Ubaya wake zinakula diski, na kuzitengeneza kunachukua muda. Niliziacha zikijitengeneza nikaenda kunywa chai, na chai ile ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo mimi sikopi. Premiere inalipiwa kila mwezi, na kwa mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja, Kdenlive na proksi zinatosha. Na hiyo 4K tunamrekodia nani? Msomaji anatazama kwenye simu, kwa bando la kupimiwa. Siku hizi narekodi 1080, kwa H.264.

Habari ya mama lishe ilitoka siku nne baadaye. Alinitumia ujumbe: "Nimeiona mwanangu, ila wenzangu wameshahama."