Senti tano zilizozeeka

Raia wa Marekani akikerwa na uchafuzi, macho huyaelekeza Washington. Historia ya Oregon inamwambia aanze na bunge la jimbo lake. Mwaka 1968 mkazi mmoja, Richard Chambers, alichoshwa na makopo na chupa zilizotapakaa pwani, akampigia simu mbunge wa huko, Paul Hanneman. Muswada aliouwasilisha Hanneman bungeni uliangushwa 1969. Chambers aliendelea kumwaga barua, na mwaka 1971 Gavana Tom McCall akatia saini: kila chupa au kopo la bia na soda liwekewe amana, kwa kawaida senti 5, irudishwe chombo kikirudi. Sisi tuliokua tukipeleka chupa tupu dukani ndipo tuuziwe soda tunauelewa mpango huo bila kufundishwa.

Huko Michigan, wananchi walilizunguka bunge kabisa. Walikusanya saini, wakapiga kura 1976, wakapata amana ya senti 10.

Tatizo ni yanayofuata baada ya shangwe. Senti 5 za 1971 ziliendelea kuliwa na mfumuko wa bei hadi 2017, Oregon ilipopandisha amana kuwa senti 10. Nyongeza hiyo ilikuwa imetegwa ndani ya sheria: chupa zinazorudishwa zikishuka chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, amana ipande. Massachusetts bado iko kwenye senti 5. Wanaharakati wake wadai kifungu kama hicho, badala ya kuombaomba nyongeza kila bunge jipya linapoketi.