SHAKA SI HUSUDA

Huku kwetu Mbwajumali mtu akiuliza mali ya fulani imetoka wapi, huambiwa ana jicho. "Hasidi huyo!" Basi, mazungumzo yamekwisha. Mimi naona neno hilo limewafaa wezi wengi mno, na ushahidi wangu ni dhahabu mbili, moja ya mbali na moja ya hapa hapa Kenya.

Ya mbali ni ya Busang, kisiwani Borneo, nchini Indonesia. Kampuni ya Bre-X kutoka Calgary, Kanada, ilitangaza imegundua dhahabu tele. Hisa zake zilizokuwa zikiuzwa kwa senti zilipanda mpaka thamani ya kampuni ikapita dola bilioni 6 za Kanada. Sasa tazama. Mashine ya kutoboa ardhi hutoa jiwe refu kama muwa. Desturi ni kulipasua kwa urefu, nusu ikaenda maabara, nusu ikawekwa ili mtu mwingine naye aje apime. Bre-X walisaga lote! Hapa kwetu mvuvi akipeleka kamba kwa tajiri, husimama ubavuni mwa mizani akautolea macho mshale, na hakuna amwitaye hasidi. Wale mabwana wa suti na digrii hata hilo liliwashinda.

Machi 1997, kampuni ya Freeport-McMoRan ilitoboa mashimo yake kando ya yale ya kwanza, isikute kitu cha maana. Mwezi Mei wapimaji wa Strathcona wakathibitisha kuwa unga ule wa mawe ulitiwa dhahabu ya kwingine. Hisa zikawa makaratasi ya kufungia karanga. Tusiseme ni tamaa yao tu, kwani miongoni mwa waliopata hasara ni mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario. Mwalimu aliyekuwa darasani na chaki yake, tamaa yake ipi?

Tuje nyumbani. Baina ya 1990 na 1993 kampuni ya Goldenberg International ililipwa na serikali asilimia 35 juu ya thamani ya dhahabu na almasi ilizodai kuuza ng'ambo. Almasi gani, jamani? Kenya haina mgodi wa almasi, na dhahabu ya kule magharibi ilikuwa kidogo tu. Kilichopimwa hapo ni karatasi, si dhahabu. Mabilioni yakatoka, shilingi ikaporomoka, bei zikapanda, na hata aliyekuwa kisiwani Pate, asiyejua Benki Kuu iko mtaa gani, alilipia madukani.

Najua nitajibiwa: "Mkiuliza sana wawekezaji watakimbia." Wakimbie! Mwenye dhahabu ya kweli ataiacha ile nusu ya jiwe ipimwe na mwingine, tena atafurahi, maana bei yake itazidi. Atakayekimbia ni yule aliyesaga lote.

Lakini kuuliza kuna gharama, nisiwadanganye wenzangu. David Munyakei alikuwa karani kijana katika Benki Kuu. Aliona malipo yale hayaeleweki, akatoa nakala za hati zikawafikia wabunge wa upinzani mwaka 1993. Alikamatwa, akashtakiwa, mashtaka yakaondolewa, kazi ikaenda. Akaja huku pwani, Mombasa, akasilimu na kuoa. Tume ya Jaji Bosire ilipoanza kazi 2003, naye alitoa ushahidi. Alifariki 2006, kazi yake hajarudishiwa.

Katika madarasa yetu tumebandika picha za wachezaji wa mpira, na mimi pia nawapenda. Ila ningeulizwa, ya Munyakei ningeibandika juu yao wote, pale karibu na ubao.