Bolti Iliyolegea na Deni la Mtengenezaji

Mnamo Februari 2014 kampuni ya Porsche ya Ujerumani, ambayo jina lake pekee lilikuwa dhamana tosha kwa wapendao magari ya mbio, iliwataka wateja wake walionunua 911 GT3 za toleo la wakati ule wasiziendeshe tena, bali wazingoje zichukuliwe na mawakala wake. Maana mbili kati yake, huko Ulaya, zilikuwa zimeharibika injini na kisha zikashika moto. Alhamdulillahi, hapakuwa na mtu aliyedhurika. Magari yaliyohusika yalikuwa 785 duniani kote, na ambayo yalikuwa bado hayajakabidhiwa yakazuiliwa. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza ilichokigundua, nacho kilikuwa kidogo kwa umbo kuliko kidole cha mtu: bolti za konrodi zilikuwa zikilegea, konrodi iliyolegea ikalivunja kasha la injini, na oili iliyomwagika ikawaka.

Wachache sana miongoni mwetu watamiliki gari la namna ile. Hata hivyo nashikilia kwamba jambo hili linatuhusu, kwa sababu mas'ala yenyewe si ya matajiri. Ni mas'ala ya nani abebe hasara wakati kitu kipya, kilicholipiwa thamani yake kamili, kinapovunjika kwa ila ambayo mnunuzi hakuwa na njia yoyote ya kuiona.

Asiyepata kuona injini iliyofunguliwa na aelewe kwanza kazi ya bolti hizo. Konrodi ni ule mkono unaoishika pistoni kwa juu na krenki kwa chini, nao ndio unaogeuza mwendo wa kupanda na kushuka ukawa mwendo wa kuzunguka. Mwisho wake wa chini umegawanywa vipande viwili ili uweze kuizingira krenki, na vipande hivyo havina kingine kinachoviunganisha ila bolti mbili. Sasa injini ya GT3 ile, yenye ujazo wa lita 3.8 na nguvu za farasi 475, iliundwa izunguke mpaka mara 9,000 kwa dakika, yaani mara 150 katika sekunde moja, na katika kila mzunguko pistoni hupanda milimita 77.5, husimama, hushuka kadiri ile ile, na husimama tena. Katika sekunde hiyo moja, basi, pistoni imesimama na kugeuka mara 300. Ifikapo kileleni na kurudishwa chini kwa kasi hiyo, huvuta kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 3,500 ya uzito wake, hata kipande cha nusu kilo kikawa kinavuta kama kitu cha zaidi ya tani moja na nusu. Mvuto huo wote huangukia maungio yale ya chini. Wahandisi waliifua konrodi yenyewe kwa titani, madini mepesi na ya ghali, ili kuupunguza. Walakini hata titani haifai kitu ikiwa kilichoifunga hakikushika.

Wengi wetu hudhani kwamba kukaza bolti ni kuizungusha mpaka igome. Kwa bolti ya konrodi si hivyo. Fundi huikaza kwa spana yenye kipimo mpaka kiwango kilichoandikwa, kisha huizungusha tena kwa digrii zilizotajwa, mpaka chuma chenyewe kivutike kidogo sana na kuvibana vile vipande viwili kwa nguvu kubwa kuliko mvuto wowote utakaokuja. Maadamu mbano huo upo, bolti haihisi sana misukosuko ya pistoni; ukipungua, kila mzunguko huivuta na kuiachia, huivuta na kuiachia, mpaka chuma kichoke. Nahodha anajua kwamba kamba iliyokazwa vyema hustahimili pepo, na iliyolegea hukatwa na mshituko wake mwenyewe. Kwa ajili hiyo bolti nyingi za namna hii, zikishafunguliwa mara moja, hazirudishwi: zilikwisha kuvutika, na kipimo chake cha awali hakiaminiki tena.

Sasa tumtazame mnunuzi. Injini ikipasuka, khasa ya gari lililoundwa kwa mwendo mkali, dhana ya kwanza humwangukia aliyeshika usukani. Mimi na wewe tumeyasikia maneno hayo mara nyingi, tena kwa magari ya kawaida kabisa: uliikimbiza kabla haijalainika, ulitia oili isiyofaa, ulichelewa sevisi. Pengine ni kweli. Lakini aghalabu msemaji ndiye peke yake aliye na elimu ya yaliyomo ndani ya injini, na msikilizaji hana ila fedha alizokwisha kuzilipa, na mashauri yakiendeshwa namna hiyo hukumu imekwisha kutolewa kabla ya ushahidi. Wanachuoni wetu wa fiqhi waliliona jambo hili zamani sana, kabla ya injini yoyote kuundwa, wakampa mnunuzi aliyekuta ila iliyofichika katika bidhaa hiari ya kuirudisha, na wakamwajibisha muuzaji aibainishe ila aijuayo. Msingi wao ulikuwa insafu: ajuaye ndiye adaiwaye.

Kwa mizani hiyo nauona uamuzi wa Porsche wa Machi 2014 kuwa ni wa haki. Mtu mwenye kubana matumizi angaliweza kushauri kwamba kila gari lifunguliwe, bolti zitolewe, zitiwe nyingine zilizo bora, na mteja arudishiwe gari lake. Kampuni haikufanya hivyo. Ilitangaza kwamba itabadilisha injini nzima katika magari yote 785, zikiwamo zile ambazo hazikuonyesha dalili yoyote ya ubovu, na injini mpya zifungwe kwa bolti zilizoboreshwa. Nadhani haukuwa ubadhirifu. Konrodi iliyopata kucheza hata kwa unywele huweza kuijeruhi beringi, na beringi iliyojeruhiwa huichimba krenki, na majeraha hayo hayaonekani kwa kufungua kifuniko na kumulika taa. Huonekana siku injini inaponoki barabarani. Mteja aliyelipia kitu kipya hapaswi kurudishiwa kitu chenye shaka ndani yake, hata kama shaka hiyo ingeweza kuwa bure.

Sisemi kwamba kampuni ile haikuwa na taksiri. Injini ilikuwa mpya kabisa kwa ukoo wa GT3: ilitokana na ile ya Carrera S na ikachukua nafasi ya injini ya mhandisi Hans Mezger, ambayo asili yake ilikuwa moja na ile ya 911 GT1 iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1998, na wapenzi wa magari haya walikuwa wakiitegemea kama watu wategemeavyo ahadi ya mzee mwenye kauli moja. Aliyekibadilisha kitu kilichothibiti hivyo alikuwa na wajibu wa hadhari maradufu, na bolti zile hazikupaswa kuvuka lango la kiwanda. Wala hazikuwa mwisho wa mambo, kwa kuwa baadaye injini za kizazi kile zilionekana kulika mapema katika vikono vidogo vinavyosukuma valvu. Mwaka 2017 kampuni ikarefusha dhamana ya injini hizo, kwa wateja wa Marekani, mpaka miaka 10 au maili 120,000. Yaani deni lilitokea tena, nalo likakubaliwa tena, na kwa muda ambao mnunuzi angeweza kupanga maisha yake juu yake. Hilo ndilo ninalolisifu.

Hapa kwetu deni kama hilo halina pa kushikwa. Magari yetu mengi hushuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na mwito wa mtengenezaji wa kurudisha gari lenye ila hupelekwa kwa mmiliki anayejulikana katika daftari la kule, ambaye alikwisha kuliuza na kulisahau. Mwalimu wa Tanga au muuza samaki wa Malindi aliyelinunua baada yake hana habari. Hupita miaka akiendesha kitu ambacho aliyekiunda amekwisha kukiri kuwa kina kasoro, na siku kikivunjika huambiwa, tena kwa sauti ya kumkaripia, kwamba hakukitunza.

Dawa yake si ngumu, maana kila gari lina namba ya chesisi, na watengenezaji wakubwa huonyesha wazi kwa namba hiyo kama gari limeitwa na kama limekwisha kutengenezwa. Naiomba kwa moyo wote mamlaka ya viwango ya Kenya, na mwenzake wa Tanzania, waingize swali hilo katika ukaguzi wa kila gari lililotumika: limepata kuitwa na mwenye kuliunda? Liliitika? Muuzaji asiyeweza kuonyesha jibu asiruhusiwe kulitoa gari mpaka kazi iliyobaki iwe imefanywa kwa gharama yake.

Na katika karakana zetu, ambako ovahoo hufanywa kila siku na mafundi hodari sana, desturi ya kuzirudisha bolti kuukuu za konrodi kwa sababu bado zinang'aa na uzi wake haujalika ikomeshwe. Najua bei yake, na najua kwamba mteja mwenyewe mara nyingi ndiye anayesihi zirudishwe ili apunguziwe. Lakini fundi ndiye mwenye elimu, naye asikubali. Aandike katika risiti bolti alizozitia na kipimo alichokazia, na zile alizozitoa amkabidhi mwenye gari mkononi.