Nani Kawaambia Mkae Kwenye Kompyuta Yangu?

Wadau, leo naomba niseme wazi, maana nimevumilia vya kutosha.

Jumatatu iliyopita nilikuwa na habari ya kupeleka kwa mhariri kabla ya saa kumi jioni. Saa tisa na nusu umeme ukakatika, na kwa kuwa betri ya laptop yangu ilishakufa siku nyingi, nayo ikazimika papo hapo. Umeme uliporudi nikawasha. Picha ya mwanzo ikatokea upesi tu, lakini kila nikigusa kitu, kiduara kinazunguka. Dakika tisa! Nikiwa nasubiri, programu ya muziki ikajifungua yenyewe, nyingine ikatangaza kuwa ina toleo jipya, ya tatu ikaniuliza habari za printa ambayo niliigawa mwaka jana. Habari yangu ilichelewa, nafasi yake akapewa mwingine.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Hata kuiwasha hakuiwasha. "Kaka, hapa tupige Windows upya, halafu tuongeze RAM." Shilingi laki moja na nusu. Nikamwambia nitarudi.

Nyumbani nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikaingia sehemu ya Startup. Jamani! Programu 17 zilikuwa zimejiandikisha kuamka kila kompyuta inapoamka. Nilizoziomba mimi ni mbili. Hizo nyingine zilijipenyeza siku nilipokuwa nabonyeza "Next, Next" kama sote tufanyavyo.

Wenye programu hizi wanajitetea kwamba wanaturahisishia mambo: ikiwa imeshaamka, ukiihitaji inafunguka haraka. Haraka kwa nani? Inafunguka haraka kwa kuzichelewesha zote zilizobaki, na nyingine zinashusha matoleo mapya kimyakimya kwa bando nililonunua kwa pesa yangu. Kila kampuni inajiona mgeni mmoja tu sebuleni, haijali kwamba wengine 16 nao wameshakaa. Mimi naiita dharau.

Na msidhani ni utani. Mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo, ukizichezesha kwenye Windows, ziliweka programu ya kuzuia kunakili iliyojificha ndani kabisa ya mashine. Aliyeibua aibu hiyo ni Mark Russinovich, baada ya kuikagua kompyuta yake mwenyewe, na CD zikaondolewa madukani. Huyohuyo, pamoja na Bryce Cogswell, ndio walioandika Autoruns, programu inayoonyesha kila kinachojiwasha, hata vile ambavyo Task Manager haivionyeshi. Microsoft iliinunua kampuni yao mwaka 2006, na Autoruns bado ni ya bure. Ila uwe makini nayo, usizime usichokijua.

Mimi sikufika huko. Nilitazama safu ya Startup impact, iliyoandikwa High nikaibofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, nikachagua Disable. Haifutiki, inaacha tu kujiwasha. Ukiitaka unaifungua mwenyewe. Kinga ya virusi niliiacha, na ile ya padi ya kugusa pia. Zilizobaki, kwaheri.

Najua kuna watakaosema diski yangu ni ya zamani, ile ya kuzunguka. Ni kweli, na SSD ingesaidia sana, pengine kuliko RAM ya fundi. Lakini kwa nini ninunue diski mpya ili watu nisiowaalika wakae kwa raha?

Sasa inachukua dakika mbili na kidogo. Jana nilipita kwa fundi, nikamwonyesha ile orodha. Akaitazama, akacheka. "Hiyo naijua, kaka. Sasa nikimwonyesha kila mteja, kodi ya fremu utanilipia wewe?"