Nani Alitoa Zaidi, London au Ngara?

Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, Julai 2025, wapo waliosononeka kana kwamba taifa limefiwa na rafiki. Dawa za ARV zilizolipiwa na Marekani zimeokoa maisha ya watu wengi, hilo sibishi. Ninachokibisha ni ile imani tuliyoizoea vijiweni, bungeni na magazetini, kwamba anayetoa misaada mingi ndiye anayetutakia maendeleo. Balozi anakata utepe, mwandishi ananukuu kiasi, na kiasi kinageuka cheti cha wema. Kama kuna Watanzania wenye sababu ya kuikataa imani hiyo, ni wa huku Nyantakara, na kote Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera.

Tuanze na hesabu yenyewe. Tangu 1988, kanuni za OECD, umoja wa nchi tajiri wenye makao Paris, zinairuhusu nchi mfadhili kuhesabu kama msaada gharama za kumtunza mkimbizi ndani ya mipaka yake yenyewe kwa miezi 12 ya mwanzo. Mwomba hifadhi akilala kwenye hoteli ya Uingereza, bili ya chumba inaandikwa kuwa msaada wa maendeleo. Mwaka 2022 Uingereza ilitumia hivyo takriban pauni bilioni 3.7, karibu asilimia 29 ya msaada wake wote wa mwaka huo. Fedha hizo hazikuvuka bahari. Kumhifadhi mkimbizi ni jambo jema, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na daftari.

Daftari hilohilo halina ukurasa wa Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Tanzania. Benaco, mahali ambapo wengi wetu hatukuwa hata tukipajua, pakawa mji kwa siku chache, na baada ya muda wageni wilayani Ngara wakawazidi wenyeji kwa idadi. Miti ikakatwa kwa kuni na nguzo za vibanda. Maji yakagombewa, zahanati zikafurika, mihogo ikang'olewa mashambani usiku. Walikuwapo pia waliopata ajira kambini na waliofanya biashara nzuri, maana maafa hayakosi soko. Wafadhili walileta mahindi na mahema, na mizigo yao ikaandikwa. Ardhi, kuni, maji na uvumilivu wa wenyeji nani aliviandika? Kama ukarimu wa Ngara ungehesabiwa kwa kanuni ile ya Paris, wilaya hii ingeketi meza moja na wafadhili wakubwa.

Kwamba kiasi cha msaada ni kipimo duni, hata Washington kwenyewe wanalijua. Mwaka 2003 taasisi ya Center for Global Development ya huko ilianza kuzipanga nchi tajiri kwa kuangalia jinsi sera zao zinavyosaidia au kukwamisha nchi maskini: misaada, lakini pia biashara, uhamiaji, uwekezaji, mazingira na ulinzi wa amani. Zilipimwa nchi 21. Uholanzi ikaongoza. Marekani na Japani, zilizokuwa zikitoa fedha nyingi kuliko zote, zikashika mkia. Baadaye orodha ilipanuliwa ikafika nchi 40, Afrika Kusini ikiwemo. Tanzania haimo, kwa hiyo hata kipimo hiki bora hakijafika Rusumo.

Au tazama kahawa, zao la Kagera. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kila gunia lionyeshe shamba lilikotoka, kwa vipimo vya setilaiti, ili kuthibitisha kwamba msitu haukufyekwa. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja. Nia ni njema, lakini gharama ya kupima vishamba vya ekari moja moja inaangukia vyama vya ushirika na wakulima wao. Brussels ikitoa msaada wa kilimo, unatangazwa, ila gharama ya sheria yake haikatwi humo.

Kipimo cha haki kitatugusa na sisi, tusijidanganye. Desemba 1996 serikali yetu iliwarudisha Wanyarwanda kwa amri na kwa askari. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, iliwang'oa Kagera watu walioishi hapa miaka mingi, wengine wakiacha wake na watoto Watanzania. Serikali inayosema kwenye majukwaa ya Umoja wa Mataifa kwamba haimwachi mtu nyuma inapaswa kupimwa kwa siku zile, si kwa hotuba.

Kila Juni Waziri wa Fedha husoma bajeti na kutaja fedha zinazotarajiwa kutoka kwa wahisani. Ningependa siku moja mbunge wa Ngara au wa Biharamulo asimame amuulize: misitu na maji ya Benaco viligharimu kiasi gani, na ni lini serikali iliipeleka Paris hesabu hiyo?